Soli za ndani kwa wenye maumivu ya kiuno: kuchagua, kukata, kuzizoea na lini uachane nazo

Kabla hujatoa hela yako kununua soli za ndani, vua viatu unavyovivaa sana, viweke mezani vikae sambamba, afu viangalie kwa nyuma kwenye visigino. Mi nauza raba na viatu vya mtumba hapa Ngamiani, Tanga, na mtu akija akasema nitafutie kiatu cha kupumzisha kiuno naanzia hapo, sianzi na saizi wala bei. Kisigino cha watu wengi huliwa kidogo kwa upande wa nje, hiyo isikutishe ndo tunavyokanyaga. Ila kama kiatu kimelalia ndani, yaani ukikiweka kinaegemea mwenzake, au cha kushoto kimeisha na cha kulia bado kizima, hapo kuna kitu cha kufuatilia. Na kuna hali ya tatu ambayo ndo naikuta kuliko zote, kiatu hakijaliwa popote ila sponji yake imekufa, ukibonyeza kwa dole gumba haishuki wala hairudi, mtu anadhani kavaa raba kumbe anatembea juu ya saruji tupu. Huyo kwanza anahitaji kiatu, soli baadae.

Naandika kwa sababu hizi soli zimejaa mjini, machinga wanazo, kwenye stetasi za WhatsApp zipo, zingine zina picha ya uti wa mgongo unawaka mwekundu, na watu wananiuliza kila siku kaka hizi zinasaidia au tunaibiwa? Zinasaidia baadhi ya watu, kwa kiasi, na njia ya kujua kama na wewe umo ni kujaribu kwa utaratibu, kwa hela ndogo, na kwa muda uliopanga. Anaekuahidi zaidi ya hapo anauza maneno. Mi sio daktari, nachokijua vizuri ni viatu, hayo ya kitabibu humu ndani ni yale yanayofahamika wazi.

Kwanza toa wasiwasi wa hatari

Usinunue soli yoyote, nenda hospitali, kama maumivu ya mgongo yamekuja pamoja na ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujijua, choo hakikamatiki, au mguu umekosa nguvu unaburuzika. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo sio ya kesho. Vilevile kama ulianguka, au una homa, unapungua mwili bila sababu, unatoka jasho usiku, una kikohozi kisichoisha, au mgongo unauma zaidi ukiwa umelala. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na kwetu ugonjwa huu upo, usiutibu kwa sponji. Ukiwa umewahi kuugua saratani pia usisubiri. Kwa waliopo mjini Bombo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa, na walio mbali waanzie kituo cha afya kilicho karibu.

Wenye kisukari nawaweka pembeni makusudi. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za nyayo, soli ikikunja au ikiweka ukingo mkali hutasikia, utakuja kuona kidonda. Kama unayo, usiweke kitu kipya kwenye kiatu bila kumuuliza anaekutibu, na nyayo uziangalie kila jioni hata kwa kioo.

Mguu na kiuno vinahusiana wapi

Maelezo yanayotolewa ni haya. Unyayo ukilalia sana ndani wakati unakanyaga, mfupa wa ugoko unazunguka kuingia ndani, paja linafuata, nyonga inainama, na misuli ya kiuno inabaki inavuta kusawazisha siku nzima. Pili ni ule mshindo wa kukanyaga sakafu ngumu. Tatu ni mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwenzake, ambapo nyonga inakaa upande upande.

Kwa maelezo inaeleweka, ila watu walipokaa wakapima majibu yamekuwa baridi kidogo. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti zilizokuwepo wakakuta ushahidi wa nguvu kwamba soli hazizuii maumivu ya mgongo kuanza, na kwenye kutibu ushahidi haukutosha kusema ndio wala hapana. Mwaka 2016 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ukawaambia watoa huduma wasitoe soli za kurekebisha mguu kama tiba ya maumivu ya kiuno. Upande wa pili kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2017, watu 225 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, waliopewa soli za kutengenezewa walikuwa na nafuu baada ya wiki 6 kuliko waliowekwa kusubiri. Ila waliosubiri walijua wanasubiri, si unaelewa, mtu aliyepewa kitu mkononi na mtu aliyeambiwa ngoja hawawezi kujisikia sawa.

Kwahiyo mi nasimama hapa: kama hujaumwa usinunue kwa kujikinga, hapo umetupa hela. Kama unaumwa na maumivu yako yanafuata kusimama na kutembea, jaribu, maana soli ya kawaida haina gharama kubwa na madhara yake ni madogo.

Jiulize maumivu yanakuja saa ngapi

Hili ndo swali la kukutenganisha na wengine. Kama umeamka vizuri, umeingia kazini vizuri, kufika saa nane mchana umesimama juu ya tailizi unaanza kuhamisha uzito mguu huu unapeleka ule, unaegemea kaunta, na ukikaa dakika kumi kiuno kinaachia, basi we ndo mtu wa soli. Walinzi wa getini, wauguzi wa wodini, walimu, wauza maduka, wapishi, wanaosimama kwenye mashine viwandani, wengi wako hapa.

Kama maumivu yanakuja ukiwa umekaa, dereva wa bajaji, fundi cherehani, mtu wa kompyuta, soli haitakufaa maana muda huo mguu haujabeba chochote. Alikuja kijana wa bodaboda anataka jeli nene kabisa, nikamwambia mdogo wangu mzigo wako wewe umeukalia, nenda kaangalie siti na shokapu ya nyuma kwanza. Na wenye baiskeli, ambao mji huu wanajulikana, tandiko likiwa juu sana nyonga zinayumba kila ukikanyaga pedali na kiuno kinalipa, shusha tandiko mpaka goti libaki limekunja kidogo pedali ikiwa chini. Mbeba mizigo anaeinama na gunia mgongo umepinda nae soli haimkomboi.

Afu kuna jambo la sisi watu wa pwani ambalo wauzaji hawalisemi. Tunavua viatu mlangoni. Nyumbani peku kwenye sakafu, msikitini peku, mtaani malapa au yeboyebo, kazini wengine makubazi. Soli inafanya kazi muda ule tu ipo ndani ya kiatu na mguu upo juu yake. Kama siku yako nzima ni kandambili, hizi soli za kuchomeka hazina pa kukaa, bora hela hiyo utafute kandambili au sandozi yenye kitanda kilichoinuka pale kwenye upinde wa unyayo na mkanda wa nyuma wa kushika kisigino. Kwenye mitumba zinapatikana sana, watu wanazipita wanakimbilia raba. Na anaesimama muda mrefu jikoni akanyage zulia nene la mpira au hata kipande cha godoro ngumu, hiyo ni soli ya sakafu.

Pima unyayo wako

Chukua beseni weka maji kidogo, lowesha unyayo, kung'uta, afu kanyaga juu ya boksi la kaki au sakafu kavu ya saruji, simama wima kama kawaida usijilazimishe. Toa mguu angalia kabla haijakauka. Ukiona kisigino na sehemu ya mbele vimeunganishwa na mkanda wa wastani upande wa nje na kwa ndani kuna pengo, una upinde wa kawaida. Ukiona unyayo umejaa wote hakuna pengo, una nyayo bapa. Ukiona katikati kuna kamstari kembamba au hakuna kitu, upinde wako uko juu sana.

Nyayo bapa sio ugonjwa. Wako wengi tu wanazo na wanacheza mpira uwanjani Mkwakwani bila kulalamika. Jaribio dogo zaidi: simama kwa vidole ukijishika ukutani, mwambie mtu akuangalie kwa nyuma. Kama upinde unajitokeza ukipanda juu basi mguu wako unanyumbulika, soli ya kawaida inaweza kuusaidia. Kama hata ukipanda unabaki bapa vilevile na mguu mgumu, au unauma, usijipimie dukani, nenda kaonwe.

Kuchagua soli yenyewe

Jeli ndo watu wanapenda kwa sababu ukibonyeza inafurahisha. Shida yake inapunguza mshindo kidogo ila haishiki upinde, na ikiwa nene mguu unacheza ndani kama umesimama kwenye mtumbwi, misuli ya kiuno badala ya kupumzika inafanya kazi ya ziada. Zile za bei ya chee zinapasuka pembeni mapema sana, waja leo waondoka leo. Kwa mtu mwenye upinde wa kawaida ambae tatizo lake ni sakafu ngumu tu, jeli nyembamba ya kisigino au sponji ya wastani inatosha.

Sponji ya EVA (ile nyepesi wanayotengenezea soli za raba) yenye umbo, ile ambayo kisiginoni ina kikombe na katikati imeinuka, ndo ninayomshauri mtu aanze nayo. Ya nyayo bapa iwe ngumu kidogo. Ibonyeze kwa dole gumba pale palipoinuka: kama dole lako tu linaizamisha mpaka chini, kilo sabini zako itazibebaje? Ya upinde wa juu iwe laini zaidi ila ifuate umbo la unyayo, mguu wa namna hiyo unagusa sehemu chache na mshindo wote unaishia hapo.

Kuna za plastiki ngumu zilizovalishwa kitambaa juu. Zinashika vizuri ila zinahitaji subira, na ukikosea umbo zinakuumiza. Sio za kuanzia.

Zenye sumaku usinunue kwa ajili ya sumaku. Mwaka 2003 walizijaribu Marekani kwa watu 101 wenye maumivu ya kisigino, nusu wakapewa sumaku ya kweli na wengine ya geresha, matokeo yakawa sawa. Zenye vinundu vya kukanda nyayo nazo ni starehe ya dakika tano, jaribu kusimama nazo zamu nzima utakuja kunihadithia.

Za kutengenezewa kwa kipimo cha mguu wako zipo, nchini tuna wataalamu wa viungo bandia na vifaa vya kurekebisha miguu, chuo chao TATCOT kipo KCMC Moshi tangu 1981, na Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hizo zifuate kama una ulemavu wa mguu, upasuaji, tofauti kubwa ya urefu, au umeandikiwa. Kwa kiuno cha kawaida kinachochoka jioni usianze na safari ya Moshi.

Kiatu kwanza

Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alikuja dukani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nitafutie soli maana kiuno hiki kitaniua kabla ya pensheni. Nikamuomba avue. Alikuwa na simpo, zile nyembamba ambazo ukikunja zinaingia mfukoni, kisigino cha nyuma kimekanyagwa kimelala. Nikamwambia mama hapa hata nikiweka soli nzuri vipi kisigino chako kitatoka nje, kiatu hakina shavu la kukushika. Akasema hizi nimezizoea. Tukabishana kidogo, akaondoka na kiatu cha kufunga kamba chenye soli pana, akakivaa bila kuongeza kitu, aliporudi aliongeza sponji nyembamba tu.

Kiatu kinachofaa kuwekewa soli unakijua hivi. Shika nyuma kwenye shavu la kisigino ubane kwa vidole viwili, lisiwe legelege. Kikunje, kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati kama chapati kiache. Kisokote kama unakamua nguo, kigome kidogo. Afu ingiza mkono ndani uone kama soli yake ya asili inatoka, maana ukiweka soli mpya juu ya ya zamani kiatu kinakuwa kifupi, vidole vinabanwa, kisigino kinapanda kinachomoka. Mchuchumio usijisumbue nao kabisa, ule uzito wote umesukumwa mbele, jeli unayoweka hapo mbele inasaidia vidole, kiuno kinabaki na shida yake.

Kwa mtumba kuna la ziada. Toa soli ya ndani uiangalie kwenye mwanga. Mwenye kiatu wa kwanza ameacha ramani yake pale, shimo la kisigino, shimo la dole gumba, na kama alikuwa analalia upande mmoja utaona sponji imebonyea upande huo. Soli hiyo inabadilishwa, ndo sababu nzuri kabisa ya kununua soli. Lakini kama mwili wenyewe wa kiatu umelala, yaani ukikiweka mezani kinainama, hata kiwe cha jina gani kirudishe.

Kukata na kuweka

Hapa watu wanaharibu sana kwa haraka. Toa soli ya asili, ilaze juu ya mpya zikiwa zimepangwa kwa kisigino, kisigino na kisigino, usipange kwa vidole. Chora mstari mbele kwa kalamu. Kata nje ya mstari kwa mkasi mkali, afu jaribu, afu punguza tena kidogo. Kisigino na upande wa upinde havikatwi, vikikatwa umeondoa kile ulichonunua. Ingiza ukianza na mbele, sukuma mpaka kisigino kikae kimya ukutani mwa kiatu, pitisha vidole ndani uone hakuna ilipokunja wala kujikunjua. Weka miguu yote miwili hata kama unauma upande mmoja.

Simama, vaa na soksi unazovaa kazini. Vidole viwe na nafasi ya kucheza, kisigino kisichomoke ukitembea, na ule uinuko ukae chini ya upinde wako, sio mbele yake. Ukihisi kama kuna jiwe katikati ya unyayo soli hiyo sio yako, usijiambie itazoea. Kuna tofauti ya kushikwa na kuchomwa.

Siku ya kwanza vaa saa moja tu, urudishe za zamani. Kesho yake masaa mawili, ongeza hivohivo, mpaka wiki ya pili ndo umalize nazo zamu nzima. Nyayo au misuli ya nyuma ya ugoko kuchoka kidogo mwanzoni ni kawaida kwa sababu misuli inabeba kwa njia ingine. Goti au nyonga kuanza kuuma wakati haikuwa inauma, vidole kufa ganzi, malengelenge, hapo toa upumzike siku kadhaa, ukirudia yakirudi basi achana nazo.

Mguu mmoja mfupi

Hili linahitaji utulivu maana ndo sehemu unaweza kujitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Tofauti ndogo ya chini ya sentimita moja wanayo watu wengi na haiwasumbui. Tena wakati mwingine mguu unaonekana mfupi kumbe misuli ya kiuno imekaza upande mmoja imevuta nyonga juu, ukiweka kipande cha kuinua kisigino hapo umeshikilia kosa. Kwahiyo usijipime kwa kulala kitandani ukaambiwa na jirani mguu wako mfupi. Mtu wa fiziotherapia anakusimamisha, anaweka vibao vyembamba chini ya mguu mfupi mpaka nyonga zikae sawa, afu anahesabu unene wa vibao.

Ukishapata kipimo, fundi viatu anaiweza kazi. Fundi wa jirani yangu kaletewa kiatu na mzee mmoja mwenye karatasi ya hospitali, inasema sentimita mbili. Mzee anataka zote ziingie ndani leo leo. "Ami, ndani hapawezekani, mguu utakutoka," fundi akamwambia, "na hata ukivumilia mgongo utakasirika." Akamkatia kipande cha kwanza cha sponji ngumu cha milimita tano hivi, akakichonga kwa kisu mbele kiwe chembamba kama ulimi ili mguu usipande ngazi, akakipiga msasa, akakipaka gundi upande wa chini tu. Mzee akaambiwa akazoee, arudi. Kinachoingia ndani ya kiatu kikomo chake ni kama sentimita moja, kinachozidi kinaongezwa chini ya soli ya nje, na haihitajiki kufidia tofauti yote, mara nyingi nusu yake au zaidi kidogo inatosha mtu kujisikia sawa. Ukiongeza kisigino kimoja hakikisha hicho ndo kiatu unachovaa kila mara, sio kazini umenyooka nyumbani umepinda.

Joto na jasho letu

Soli hizi kwa unyevu wa Tanga zinaoza harufu kabla hazijachakaa. Zitoe usiku ziegemeze ukutani zipate hewa. Zioshe kwa maji na sabuni na brashi laini, usizikamue. Anika kivulini. Usianike juani juu ya bati wala usiache kwenye dashibodi ya gari, EVA ikipata joto kali inajikunja na kusinyaa, na gundi inaachia, utarudi ukute soli ya mtoto. Kama una jasho jingi uwe na pea mbili unazibadilisha. Kila mwezi ibonyeze lile bonyezo la dole gumba, ikishakuwa haijirudi imemaliza kazi. Inategemea uzito wako na masaa unayosimama, kuna za kufika mwaka na kuna zisizofika nusu.

Kinachotibu ni kutembea

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na mwongozo wao wa 2023 unaweka mbele mazoezi na elimu, mikanda ya kubana kiuno wameikataa isiwe tiba ya kila siku. Mapitio ya tafiti 21 yaliyotoka 2016 yalikuta mazoezi ndo yanapunguza mgongo kurudi, soli na mikanda hapana. Halafu ukaja utafiti wa Australia mwaka 2024, watu 701 ambao mgongo ulikuwa umetoka kupona, nusu wakapangiwa kutembea kidogo kidogo mpaka kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki pamoja na maelekezo. Kwa waliotembea, mtu wa katikati yao alikaa siku 208 kabla mgongo kurudi, kwa wengine siku 112. Ni kutembea tu huko, hakuna mashine.

Sasa hapa ndo naona soli ina maana. Mtu ambae nyayo zinamuuma au sakafu inamkata kiuno hatembei, anakaa, kiuno kinazidi kulegea na kukaza kwa wakati mmoja. Ukimpa kiatu kizima na soli inayomfaa akaweza kutoka jioni jua likipoa, akatembea kutoka mjini mpaka Raskazone akarudi, hapo soli imefanya kazi yake japo sio yenyewe iliyotibu. Ukiinunua ukaendelea kukaa barazani umenunua sponji. Ongeza na kunyoosha misuli ya nyuma ya mapaja na kuinua nyonga ukiwa umelala chali magoti yamekunjwa, asubuhi kabla ya chai, taratibu.

Muda wa kuamua

Jipe wiki sita. Mwanzoni andika kwenye simu maumivu yako kwa kumi ni ngapi jioni ukitoka kazini, na jambo moja unaloshindwa, mfano kusimama vipindi viwili mfululizo au kufua ndoo mbili. Andika mara moja kwa wiki, usiandike kila saa utajichosha. Wiki ya sita soma. Kama namba imeshuka na lile jambo sasa unaliweza, endelea, na zikichakaa nunua za aina ileile usihamie za picha ya moto. Kama hakuna tofauti, zitoe ukae wiki mbili bila hizo uone kama kuna linalobadilika, na kama hakuna usinunue pea ya bei kubwa zaidi ukidhani tatizo ni bei, nenda fiziotherapia. Na ukizidiwa kabla ya wiki sita hakuna sheria inayokulazimisha kumaliza.

Ile soli ya asili uliyoitoa usiitupe, iweke kwenye mfuko uifunge. Ukija kuniletea kiatu nikinunue bila soli yake nakukata bei.